Italia na vijana wawili: wakala wetu wa safari alipofaa na alipotukosea

Ratiba ya kwanza waliyotutumia ilikuwa na miji saba kwa siku kumi: Roma, Napoli, Amalfi, Firenze, Pisa, Venezia na Milano. Niliisoma nikiwa kwenye matatu ya South B, na nilipofika nyumbani nikampa Kadzo, binti yangu wa miaka 16, aipitie. Hakutazama majina ya miji. Alihesabu tu asubuhi ambazo tungeamka na kufunga mabegi, akasema, "Mama, hii si likizo, hii ni kuhama."

Ofisi ya wakala iko Westlands, Nairobi, ghorofa ya pili. Jina silitaji kwa sababu suala la pesa nitakalolieleza tulilimaliza kwa maelewano. Tulikuwa wanne: mimi, baba watoto, Kadzo na mdogo wake Charo wa miaka 14. Pesa ya safari niliiweka akiba kwenye sacco ya kazini kwa miaka mitatu, na wakala akakubali tumlipe kwa awamu kupitia M-Pesa, kila awamu na risiti yake. Ada yao ya huduma ilikuwa Sh45,000.

Kwa upande wa viza, hiyo ada ilifanya kazi yake yote. Dada aliyetuhudumia alituita mwezi Machi, wakati safari ni Agosti shule zikifungwa. Alitueleza kwamba maombi ya viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya Italia ikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwamba siku 15 ndizo kikomo cha mwisho, kwa hivyo anayengoja Julai anajitafutia presha. Alitudai vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya idhini yenye saini za wazazi wote wawili, barua za shule, taarifa za benki, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 kwa kila mtu. Kulikuwa na jambo moja nisilolijua kabisa. Ada nafuu ya mtoto, yuro 45, inakoma akiwa na miaka 11. Akifika 12 hulipa yuro 90 sawa na babake, na huenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Kwa familia yetu hiyo ilikuwa yuro 360, zaidi ya Sh50,000, na hapo hatujagusa nauli ya ndege. Mwenye vijana aanze hesabu zake hapo.

Karatasi zetu alizikagua moja moja. Jina la Charo kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwa limekosa herufi moja likilinganishwa na pasipoti. Mimi nimekitunza kile cheti miaka 14 sijawahi kuliona hilo. Aliliona yeye, akatutuma kwa wakili tukaandikiwe hati ya kiapo kabla ya kupeleka maombi. Viza zilitoka zote nne mara moja. Kwa hilo namshukuru kwa moyo wote.

La pili walilolifanya vizuri ni tiketi ya ndege. Nilikuwa nimeomba ya kwenda Roma na kurudi kutoka Roma, kama mtu anayekwenda Mombasa. Akanionyesha kwamba kutoka Venezia hadi Roma ni karibu saa nne za treni, siku nzima inaliwa na njia. Akatukatia ya kuingilia Roma na kutokea Milano, kupitia Addis Ababa.

Kupunguza miji kulituchukua wiki mbili za kurushiana ujumbe. Yeye alitaka tuone mengi, mimi nilitaka watu wangu wasichukiane. Kijana wa miaka 14 ukimwamsha saa kumi na moja alfajiri siku tatu mfululizo, ya nne anakuwa mzigo kwake na kwa wenzake. Mwishowe tukakubaliana tulale Roma siku tano, Firenze tatu, Venezia mbili. Amalfi na Pisa tukaziacha bila majuto. Nikawapa watoto siku moja moja ya kupanga wenyewe, bila mzazi kuingilia. Charo akachagua Pompeii, mji wa kale uliofukiwa na volkano, Kadzo akachagua kupanda kuba la kanisa kuu la Firenze. Wakala hakulipenda wazo hilo mwanzoni, ila alizipanga siku hizo vizuri, na ndizo watoto wanazozizungumzia hadi leo.

Watoto wangu walikuwa wanaijua Italia kwa njia mbili tu. Moja ni lile kanisa dogo la barabara ya Mai Mahiu lililojengwa na wafungwa wa vita Waitalia mwaka 1942, tunalolipita kila tukienda Naivasha. Nyingine ni baba yao mdogo wa Malindi, aliyepika miaka mingi katika hoteli ya Waitalia na anazungumza lugha yao kama Kigiriama. Alimfundisha Charo kwa simu kila Jumapili. Tulipofika Roma, mtoto ambaye nyumbani humsikii sauti ndiye aliyekuwa akituagizia chakula. Ni yeye pia aliyetuambia kahawa ya asubuhi tuinywe tumesimama kaunta kama wenyeji, kwa sababu ukiketi mezani bei hupanda.

Roma ya Agosti ni joto la kuchoma. Tuliokolewa na bomba za mitaani wanazoziita nasoni, zinazotiririka maji safi ya kunywa mchana na usiku, bure. Beba chupa zako. Wakala hakutuambia habari hizo, wala hakutuambia kwamba katika kanisa la Mtakatifu Petro lazima mabega na magoti yafunikwe. Kadzo alikuwa na kaptura. Nilikuwa na leso mbili kwenye begi, maana mimi sisafiri bila leso, akajifunga moja kiunoni tukaingia. Nyuma yetu kulikuwa na wazazi wengine waliorudishwa na mabinti zao, nikawapa ya pili. Wakala anayelipwa ada ya huduma alistahili kutuandikia jambo hilo kwenye ratiba kwa herufi kubwa.

Sasa lile lililoniudhi. Kwenye Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, tiketi huandikwa jina la mgeni, na mlangoni hulinganishwa na pasipoti. Kadzo alikuwa ameshika zote nne, akaniuliza mbona yake na ya Charo zimeandikwa bei ya sufuri. Mimi nilikuwa na risiti ya wakala kwenye simu, na watoto walikuwa wametozwa sawa na watu wazima.

Nilipouliza, mhudumu wa pale alinieleza kwa upole kwamba sehemu za kumbukumbu na makumbusho ya serikali ya Italia ni bure kwa aliye chini ya miaka 18, awe ametoka Firenze au Nairobi. Colosseum ni bure kwao. Hekalu la kale la Pantheon, Pompeii, makumbusho ya Uffizi kule Firenze, na Accademia ilipo sanamu ya Daudi ya Michelangelo, vivyo hivyo. Vatican ni dola nyingine na ina bei zake kwa watoto, na kuba la Firenze nalo hulipiwa. Usiku ule nilipiga hesabu hotelini: tulikuwa tumetozwa zaidi ya Sh20,000 kwa vitu vya bure. Sikulala vizuri. Kwetu hiyo ni karo, si chenji.

Pompeii ilinitoa hasira. Treni ya kasi kutoka Roma hadi Napoli ni saa moja na dakika kumi hivi, kisha unapanda Circumvesuviana, treni ya kawaida yenye msongamano wa kutosha, inayokushusha karibu na lango. Charo alituongoza na ramani yake ya karatasi. Kilichomshika hakikuwa miili ya plasta ya waliokufa Vesuvius ilipolipuka mwaka 79. Vilimshika vibanda vya chakula: kaunta za mawe zenye matundu ya kuwekea vyungu, zikiangalia barabara. Akasema, "Mama, hapa ni kama kwa mama mboga wetu, lakini wa maharagwe." Alisimama hapo muda mrefu, nami nikamwacha.

Firenze nitaipita haraka. Kuba lina ngazi 463 na halina lifti. Kadzo na Charo walizipanda mbio, mimi nilizipanda kwa Baba Yetu na Salamu Maria. Baba watoto alibaki chini, akagundua kibanda cha lampredotto, yaani matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa na kutiwa ndani ya mkate. Alikula miwili. Aliyezoea matumbo ya soko la Burma, Nairobi, atajisikia nyumbani. Uffizi watoto walistahimili saa moja na nusu, na hiyo ilitosha.

Venezia kulikuwa na kosa la pili. Ratiba iliandika hoteli "Venezia", kumbe ni Mestre, bara, ng'ambo ya daraja. Ukiwa na mabegi manne makubwa Mestre si mahali pabaya, maana treni hadi stesheni ya Santa Lucia ni kama dakika kumi na hakuna madaraja ya ngazi ya kuvukia na mizigo. Huenda ningeichagua mwenyewe. Lakini nilitaka kuambiwa nichague.

Boti ya abiria, vaporetto, ni yuro 9.50 kwa dakika 75, kwa hivyo chukua tiketi ya siku. Gondola ni yuro 90 kwa nusu saa ya mchana, nasi hatukuipanda. Badala yake tulivuka Mfereji Mkuu kwa traghetto, gondola kubwa ya kuvusha watu, yuro mbili kwa kichwa. Safari inaisha kabla hujakaa sawa. Baba watoto, mtu wa pwani, alisimama kama yuko feri ya Likoni, uso wake umejaa furaha ambayo sijaiona tangu arusi yetu.

Tuliporudi nilipeleka risiti na tiketi zote Westlands. Meneja hakubisha. Alisema mfumo wao unawahesabu wote waliofikisha miaka 12 kuwa watu wazima, kama viza. Fedha ya tiketi za watoto ilirudi kwa M-Pesa baada ya wiki tatu na barua pepe mbili. Sikuombwa radhi kwa maandishi.

Sasa mama yangu anataka kufika kwa Mtakatifu Petro kabla hajafikisha miaka 75. Wiki jana nilipeleka pasipoti yake kwa dada yule yule, kwa viza na ndege tu. Hoteli nitaitafuta mwenyewe, na tiketi za kuingilia nitazinunua mwenyewe. Ameshaanza kuuliza ni leso ipi inafaa.