Siku tatu Mlima Rungwe na waongozaji wa Tukuyu: msitu wanaujua, mahema bado

Mlima Rungwe unaweza kuupanda na kushuka kwa siku moja. Unaondoka alfajiri, unatembea kwa muda wa saa kumi hivi, unafika barabarani magoti yanauma, na mara nyingi kileleni umeona ukungu mtupu. Huduma inayopimwa hapa ni nyingine: siku tatu na usiku mbili, shanta mgongoni, pamoja na waongozaji wenyeji wa Tukuyu, mji ulio chini ya mlima huu mkoani Mbeya, kuanzia mwisho wa Mei hadi wiki za mwanzo za Juni, masika yakiwa yamekatika na baridi ikianza kushika. Kwa kuujua msitu, vijana hawa wanastahili kila shilingi. Kwa vifaa vya kulalia na jiko, huduma bado iko chini. Waajiri kwa miguu na macho yao. Hema na begi la kulalia njoo navyo mwenyewe.

Kwanza malipo, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia hapo. Mlima huu, wenye takriban mita 2,960, umo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyotangazwa mwaka 2009, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kiingilio na tozo ya kambi hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, na unapewa stakabadhi. Fedha ya mwongozaji, wapagazi, chakula na gari ni jambo la pembeni kabisa. Tatizo ni kwamba ukipiga simu kuuliza bei unapewa "kifurushi" cha jumla, halafu asubuhi ya safari mnaambiwa kiingilio hakimo. Omba mchanganuo kwa maandishi, hata wa meseji: kiingilio kiasi gani kwa kichwa, usiku wa kambi kiasi gani, mpagazi kwa siku kiasi gani, nani anawalisha wapagazi. Mtanzania abebe kitambulisho, maana viwango vya raia na mgeni vinatofautiana sana. Mwongozaji anayechanganua bei bila kununa huwa ndiye yule yule anayejali mambo mengine.

Kuhusu msimu, wengi husubiri Julai na Agosti, na si vibaya. Ila mwisho wa Mei una faida yake. Mvua kubwa za Machi na Aprili zimepita, vijito bado vina maji ya kutosha kwa hiyo hakuna haja ya kupandisha ndoo, na hewa imesafishwa vumbi na moshi wa mashamba, hivyo asubuhi ikifunguka unaona Ziwa Nyasa chini kusini, uwanda wa Kitulo mashariki na safu ya Uporoto upande wa pili. Gharama ya faida hiyo ni matope. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, na chini ya miti ardhi haikauki kwa wiki mbili tatu za jua. Udongo wa volkano ukilowa unateleza, na mizizi iliyojitokeza juu yake inateleza zaidi. Siku ambazo chini Tukuyu kuna jua, ukungu unaotoka upande wa ziwa bado hupanda na kulowesha kila kitu bila tone moja la mvua kuanguka.

Njia inayofaa kwa siku tatu ni kupandia upande wa kaskazini, Isongole, na kushukia upande wa misheni ya zamani ya Rungwe. Mnaanza kati ya mashamba ya viazi, mnaingia msitu mnene, kisha mianzi, kisha vichaka na nyasi za juu. Siku ya kwanza mnatakiwa mvuke mianzi na kulala juu yake. Hapo ndipo usimame imara na mwongozaji wako. Baadhi yao hupenda kulaza watu chini, karibu na maji, kwa kuwa ni rahisi kwa wapagazi, halafu kilele wakisukume hadi siku ya tatu. Usikubali. Ukungu wa Rungwe kwa kawaida huanza kupanda jua likishapata nguvu, na kufikia saa nne asubuhi kilele kinaweza kuwa kimefunikwa. Anayelala juu anaondoka saa kumi na moja alfajiri na tochi kichwani, anafika jua likichomoza kama saa moja kasoro dakika kumi, na ana saa mbili au tatu za kuona kitu. Tena kilele kikiwekwa siku ya pili, mvua ikiharibu asubuhi hiyo bado kuna asubuhi ya tatu. Kikiwekwa siku ya mwisho, hakuna akiba.

Mianzi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoonyesha tofauti ya mwongozaji na mtu anayejua njia tu. Mteremko ni mkali, huna pa kukanyaga pakavu, na mkono unatafuta kitu cha kushika wenyewe. Mwongozaji mzuri hutangulia na kugonga kila mwanzi kwa fimbo kabla mteja hajaushika. Mwanzi hai hutoa mlio mzito, uliokufa husikika mtupu, na ule uliokufa ukiubebesha uzito wa mwili unakatika na kuacha ncha kali kama kisu mbele ya kiganja. Ndiyo maana glavu za kazi, zile za bei ndogo za madukani, zina maana kuliko kamera. Hawa wa Tukuyu hufanya hivyo bila kuambiwa, na wanasimama kila baada ya muda kumsubiri wa mwisho, si wa katikati.

Siku ya pili, baada ya kilele, ndiyo yenye thamani hasa, na ndiyo inayopotea kabisa kwa wanaopanda siku moja. Mnashuka polepole kuingia msitu wa kusini kumtafuta kipunji. Nyani huyu wa rangi ya kahawia mwenye kishungi cha nywele kichwani alijulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 hapa hapa Rungwe na kwenye milima jirani ya Livingstone, akatangazwa 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la kisayansi la spishi za karibu) yake mwenyewe, Rungwecebus. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja miaka yote hiyo. Hutamwona kwa kupiga kelele wala kwa kuharakisha. Mwongozaji anasikiliza kwanza: sauti yake ni mbweko mzito unaokaribia honi, tofauti na mngurumo mrefu wa mbega. Kisha anaangalia chini, matunda yaliyong'atwa upande mmoja na kutupwa, kama jeraha la tunda bado ni jeupe au limeshageuka kahawia. Likiwa jeupe, kundi liko karibu. Hapo mnakaa chini, mnanyamaza, na mnaangalia vilele vya miti mirefu, sio matawi ya chini. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba utamwona, na mwongozaji anayeahidi anakudanganya.

Jambo jingine la kuwasifu: wanaondoa mitego. Waya mwembamba wa kunasia minde, paa mkubwa wa msituni, na wanyama wengine hufungwa kwenye mche uliopindwa, karibu na kinjia cha mnyama, na jicho la mgeni linapita juu yake bila kuuona. Kijana akiuona anaukata, anaukunja mfukoni na kuupeleka ofisi ya hifadhi. Kazi hiyo haimo kwenye bei.

Sasa mahema. Vikundi vingi hukodisha hema ambalo limeshatumika sana. Kabla ya kulipa, lisimamishwe mbele yako, mchana, na uangalie mambo matatu: kifuniko cha nje kipo na kinafika karibu na ardhi, mishono ya sakafu haijaachia, na nguzo zote zina kamba ya mpira ndani. Hema lisilo na kifuniko kinachoshuka vizuri litalowa hata kama mvua haijanyesha, kwa sababu pumzi ya watu wawili na ukungu wa nje hukutana kwenye kitambaa kimoja, na ikifika usiku wa manane inadondoka. Godoro la sponji linalotolewa ni jembamba na hunywa maji. Mabegi ya kulalia ya kukodi mara nyingi yamefungwa yakiwa na unyevu toka safari iliyopita. Lifungue na ulinuse, likinuka uvundo halitakupa joto. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi sita, kwa hiyo usiku ambao Tukuyu mjini mtu anavaa sweta, kambini juu ya mianzi anahitaji begi zito, sweta mbili na kofia. Mitumba ya Mwanjelwa, soko la Mbeya mjini, ina masweta ya flisi na makoti ya mvua mazuri ajabu kwa bei ya kawaida. Epuka jinzi na fulana za pamba. Pamba ikilowa haikauki huko, inakunyonya joto mpaka unafika barabarani.

Na baridi hiyo si mchezo. Mtu aliyelowa, mwenye njaa, aliyesimama kwenye upepo, anaanza kutetemeka. Baadaye anajikwaa pasipo na kitu na maneno yanamkwama. Akiacha kutetemeka huku bado amelowa, hali imekuwa mbaya, haijapona. Avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu, aingizwe hemani ndani ya begi na mtu mwenye joto pembeni, na akiwa anaweza kumeza vizuri apewe chai yenye sukari nyingi. Asipewe pombe. Waulize waongozaji wako wangefanya nini mtu akifikia hapo. Wengi wana moyo wa kusaidia ila hawana mafunzo ya huduma ya kwanza, na sanduku wanalobeba lina plasta na dawa ya maumivu basi. Hili ndilo pungufu linalotusumbua zaidi, kwa sababu mtandao wa simu hupotea mabondeni na kumbeba mtu kupita mianzi ni kazi ya watu sita.

Jikoni mambo yako katikati. Chakula kinachopikwa ni kizuri: wali wa mchele wa Kyela, dagaa, ndizi za kupika, parachichi, karanga, chai ya maziwa. Anayepika anajua kazi. Lakini wanaobeba mkaa huishia kupuliza moshi saa nzima ukilowa, na kukata kuni ndani ya hifadhi hairuhusiwi. Wanaobeba mtungi wa gesi wa kilo sita humtwisha mpagazi mmoja zaidi ya kilo 12 peke yake, na kwa kundi la watu watano au sita hata nusu ya gesi haiishi. Sisitiza mtungi mdogo zaidi ukipatikana, na mzigo wa kila mpagazi upimwe kwa mizani. Kilimanjaro kikomo ni kilo 20. Kwenye utelezi wa Rungwe kilo 15 zinatosha. Maharage yasipande kabisa mlimani: juu huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 92 hivi, na maharage yatakula gesi yote yakiwa bado magumu. Yachemshwe mjini, au yaachwe. Kwa kutembea, kila mtu abebe maji lita mbili na akiba ya karanga na ndizi mbivu mfukoni mwa nje wa shanta, si ndani chini ya nguo. Maji ya vijito yachemshwe au yatiwe dawa hata yakionekana maangavu, maana mifugo hufika pembezoni mwa msitu.

Viatu: wenyeji hupanda na gambuti, na kwa matope ya mwisho wa Mei wana haki. Tatizo la gambuti ni kushuka, mguu unacheza ndani na kucha za mbele zinakufa. Kiatu cha mlima chenye meno makubwa, kilichofungwa juu ya kifundo, pamoja na soksi ndefu zilizofunika suruali, kinafaa zaidi, na soksi hizo zitakuokoa na siafu. Mkiwakuta njiani, msisimame kuwatazama. Pitieni mbio, kisha kaguaneni.

Siku ya tatu haina mengi ila ndiyo yenye kuanguka kwingi. Watu wamechoka, wanaona bati za nyumba kwa mbali na wanaongeza mwendo kwenye mizizi. Fimbo mbili, hatua fupi, goti lisinyooshwe kabisa. Kwa kuwa mmeshukia upande tofauti na mlikopandia, gari la kuwachukua lipangwe kabla ya kupanda, kwa jina la mahali na saa, na dereva apewe namba ya mwongozaji pia. Msipolipanga mtatafuta bodaboda jioni na mashanta yaliyolowa mpaka kwenye lami, kisha kusubiri Kosta ya Mbeya ambayo huenda imeshajaa toka Tukuyu. Bakshishi ya wapagazi wape mkononi mmoja mmoja, mbele ya wenzao, kabla gari halijawashwa.