Ajenti aliyenipeleka China kufundisha: nyota moja na nusu, na hiyo nusu nimemhurumia

Nimechelewa kuandika hii kwa sababu nilikuwa na hasira na rivyu ya hasira huwa inasomeka kama matusi. Sasa zimepoa kidogo. Naongelea huduma ya ajenti anayetafutia watu kazi za kufundisha Kiingereza China, jina simtaji, ila kama umeshawahi kuzunguka kwenye haya mambo ukifika katikati utasema huyu namjua, au unamjua pacha wake maana maneno yao ni yale yale.

Nianze na mazuri, haki ya mtu usiile. Nilitua mji wa Zhengzhou usiku mnene nimechoka kama gunia, nikakuta kijana amesimama na karatasi imeandikwa jina langu kwa maka peni, herufi moja imekosewa lakini kanipokea. Chumba kilikuwa kisafi, hita inafanya kazi, kesho yake asubuhi nikapewa laini ya simu na kufunguliwa WeChat, ile app yao ya meseji na malipo, ambayo kule bila hiyo hata nauli ya basi inakushinda. Hapo nusu nyota. Nyota nzima ni ya kwamba kazi yenyewe ilikuwepo kweli, sikuingizwa mjini kwa maana ya kufika ukakuta hamna shule hamna watoto. Watoto walikuwepo, wengi tu, na walikuwa raha kuwafundisha. Mazuri yameishia hapo.

Sasa viza. Mimi sikwenda kwa viza ya kazi, nilikwenda kwa M, ile ya biashara. Barua ya mwaliko ilitoka kiwanda kinachotengeneza pampu za maji, inasema mimi ni mteja nakuja kukagua mzigo. Nikamuuliza ajenti, kaka hii si mimi ni mwalimu? Akanitumia vois noti ya sekunde arobaini anacheka, "tulia mwalimu, wote wanaingia hivyo, ukishafika unabadilishiwa huko huko, ni swala la wiki mbili." Wiki mbili. Usiku wa kabla ya safari badala ya kuandaa masomo nilikaa nasoma habari za pampu, kina cha kisima, nguvu ya mota, yani mtu mzima na digrii yangu nakariri pampu. Na pale uhamiaji yule afisa aliniuliza kweli nimekuja kufanya nini, nikasema pampu, akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, akagonga muhuri. Mpaka leo sijui viatu vilimwambia nini.

Kosa langu nalikubali, nilijua. Siyo kwamba nilidanganywa kila kitu, nilijua viza siyo yenyewe na bado nikapanda ndege kwa sababu nilikuwa nimeshalipa dola 1,800 na nimeshaaga watu. Ila kuna kitu ambacho sikukijua na yeye alikijua, na ndiyo maana naandika.

Kule mwalimu wa Kiingereza anatakiwa awe na viza ya Z, ile ya kazi. Utaratibu wake ni kwamba shule inaomba kwanza kibali kwa jina lako, inatoka barua ya taarifa ya kibali cha kazi, ile barua ndiyo unaipeleka ubalozi wao ukiwa bado nje ya China, unagongewa Z, unaingia, halafu ndani ya siku 30 unaomba kibali cha kuishi. Unatakiwa uwe na digrii, cheti cha polisi kwamba huna kesi, uzoefu wa miaka miwili au cheti cha kufundisha lugha kama ile TEFL, vyeti vimethibitishwa. Sawa, hivyo vyote ningeweza kuvihangaikia. Lakini kwa kazi ya kufundisha lugha wanataka pia mzawa wa lugha yenyewe, na kwa Kiingereza kwa vitendo maana yake wanaangalia pasipoti, ni Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Wengine tuna vijimlango vidogo na vinatofautiana mkoa na mkoa. Pasipoti yangu haimo kwenye hizo saba na wasifu wangu haukuwa unaingia kwenye hivyo vijimlango. Kwa hiyo ile "viza inashughulikiwa" haikuwa inachelewa, haikuwepo kabisa, na ajenti alijua siku ile ile nilipomtumia picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti. Alijua halafu nilipofikisha mwezi wa tatu kule akanichaji yuani 3,000, hela ya kule, eti ya kubadilishia viza. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko pampu.

Huduma kwa wateja baada ya kufika: danadana. Ukiuliza viza unaambiwa kuna sikukuu, ofisi zimefungwa. Sikukuu ikiisha mtu anayesaini kasafiri. Viza yangu ilikuwa ya kuingia mara nyingi ila kila ukiingia una siku zako za kukaa zinahesabika, zikikaribia kuisha ajenti ananiambia nenda Hong Kong ugeuze, maana ukivuka huko unahesabika umetoka na ukirudi siku zinaanza upya. Basi napanda treni ya kawaida, ile ya kukaa kiti, usiku kucha mpaka kusini, navuka mpaka pale Luohu, Shenzhen, nakaa Hong Kong nusu siku nanunua maji tu maana kila kitu ni ghali, narudi. Nimefanya hivyo mara tatu. Gharama zangu mwenyewe, na siku nisizofundisha nakatwa. Kila nikirudi dirishani moyo unadunda, hizo pampu zangu mbona hazinunuliki.

Mshahara tuliongea yuani 15,000, mkononi ilikuwa inaingia 9,000. Kumbe sentini, yaani kile kituo cha Kiingereza nilichokuwa nafundisha, inalipa ile 15,000 kwa ajenti na yeye ndiye ananitumia mimi kilichobaki. Nilikuja kujua kwa bahati tu, dada wa mapokezi alinionyesha simu yake akidhani nafahamu. Ajenti wa maana analipwa na shule, mara moja, basi, hakai kwenye mshahara wako kila mwezi kama kupe. Na mwezi wa kwanza wote ulishikiliwa, wakauita dhamana.

Sasa siku yenyewe. Jumamosi mchana, darasa la watoto wa miaka sita saba, tunafanya wanyama. Nimeshika kadi ya twiga, watoto wanapiga kelele jina lake, mara dada wa mapokezi anafungua mlango hajabisha hodi, uso mweupe, ananivuta mkono, "ticha, njoo njoo njoo." Tunashuka ngazi za nyuma zile za kutolea takataka, ananiingiza kwenye kimgahawa cha tambi cha jirani, ananiambia kaa, usitoke, anaondoka mbio. Nikakaa pale saa moja na nusu. Mwenye mgahawa akanipa chai bila kuniuliza kitu, inaelekea sikuwa wa kwanza. Ndipo nikaona bado nina kadi ya twiga mkononi na watu wa meza ya pili wananishangaa, jitu zima limejificha na picha ya twiga. Juu kulikuwa na maafisa wanakagua karatasi za walimu wageni. Watoto nasikia waliambiwa ticha anaumwa tumbo.

Jioni hakuna aliyenipigia. Saa nne usiku ikaingia meseji ya bosi wa sentini kwenye WeChat, imetafsiriwa na simu, fupi: kesho usije, na keshokutwa usije, asante kwa bidii yako. Basi. Hivyo ndivyo nilivyopoteza kazi, kwa mistari miwili na emoji ya ua mwishoni. Wao hawakuwa wananidai kitu, mimi ndiye nilikuwa nawadai mwezi na nusu pamoja na ile dhamana. Nilipokwenda kuulizia bosi hakugomba hata kidogo, alitabasamu tu akasema ukitaka tunaweza kwenda polisi wote wawili tukaongee. Unaona mchezo? Angepigwa faini na yeye, lakini anajua mimi siwezi kwenda.

Na hakuwa anatishia hewa. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini inayotumika tangu 1 Julai 2013 inasema mgeni akifanya kazi bila kibali faini ni yuani 5,000 mpaka 20,000, na kosa likiwa zito unawekwa ndani siku 5 mpaka 15 na faini juu. Ukirudishwa kwenu kwa nguvu unafungiwa kuingia mwaka 1 mpaka 5. Aliyekuajiri anatozwa 10,000 kwa kila kichwa, mwisho 100,000, na wewe uliyemtafutia mtu kazi kinyume cha sheria, ndiyo wewe ajenti kama unasoma, ni 5,000 kwa kila mtu, na kwa mtu binafsi zinaishia 50,000. Kudai mshahara mahakamani nako ni hadithi ndefu, maana bila kibali cha kazi mahakama zao kwa kawaida haziutambui uhusiano wenu kama ajira. Mkataba wangu wa kurasa tisa wenye muhuri mwekundu mzuri kabisa ulikuwa karatasi ya kufungia vitumbua.

Nilimpigia ajenti mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nikakuta ameniblok. Kijana wake wa uwanja wa ndege ndiye aliyenijibu, akanionea huruma, akasema kaka hesabu siku zako usizidishe hata moja. Nilikuwa nimebakiwa na siku kumi na moja. Ukizidisha ni yuani 500 kila siku mpaka zifike 10,000, au wakuweke ndani. Nikanunua tiketi ya kurudi kwa hela ya akiba, ya bei juu maana ya haraka, na chumba nikaambiwa nitoke ndani ya siku tatu kwa sababu kilikuwa cha sentini. Hizo siku zilizobaki nililala kwa jamaa mmoja mwanafunzi, sakafuni, Mungu ampe maisha marefu.

Linganisha na mwenzangu. Sentini hiyo hiyo alikuwepo dada mmoja wa Afrika Kusini, yeye kaja na Z yake, kadi ya kibali anayo, alitafutiwa na ajenti mwingine kabisa. Sentini ilipofunga siku chache baadaye naye kazi ilimwishia, kwa hiyo usifikiri karatasi zinazuia kufukuzwa, hazizuii. Ila yeye alikwenda na mtu wa kumsaidia, akadai akalipwa, wakampa barua ya kuachia na cheti cha kufuta kibali, akaongezewa siku za kukaa halali, akahamia shule nyingine mji mwingine bila hata kutoka nchini. Siku anahama alinikuta mimi sakafuni kwa watu nakunja nguo. Hakusema kitu, alinipa sanduku lake la zamani maana langu lilikuwa limekufa zipu.

Wanaoniuliza nimjuaje ajenti wa hovyo, kiukweli ni sentensi moja tu, "utabadilishiwa ukishafika." Ukiisikia hiyo usiulize la pili. Kwa watu kama mimi, M, L ya utalii au viza ya mwanafunzi haigeuki kuwa Z hivi hivi ukiwa ndani, kwa kawaida unatoka nje unaanza upya. Muombe ile barua ya taarifa ya kibali kabla hujatoa hata senti, angalia jina la shule liwe lile la kwenye mkataba na ndipo utakapofundisha hasa, kwa sababu kibali kinafungwa na mwajiri, ukikutwa unafundisha kwa mwingine ni yale yale. Na kama pasipoti yako ni kama yangu muulize moja kwa moja, mimi napitia kigezo gani? Akianza kucheka kwenye vois noti, kata.

Bei: hapana. Mawasiliano: mpaka ulipe, baada ya hapo hapana. Mapokezi uwanjani: mazuri, nimeshasema.

Wiki iliyopita ajenti kanifungulia blok mwenyewe. Vois noti, sekunde thelathini na nane, furaha ile ile, "mwalimu wangu, yale yalipita, sasa hivi kuna mchongo Vietnam, unaingia kwa utalii tu, halafu ukishafika..." Sikuimalizia. Nimemwachia tiki mbili za bluu, na ile kadi ya twiga bado ninayo, nimeitumia kama alama ya kitabu.