The Lion King pale Lyceum, London: tathmini ya fundi cherehani

Nianze na hukumu, sababu zifuate. Ukipata nafasi ya kuona igizo moja tu la muziki London, na wewe ni mtu wa kushona, wa kupamba jukwaa au wa kufundisha watoto maigizo, nenda Lyceum Theatre, barabara ya Wellington, ukaone The Lion King. Limekuwa hapo tangu 1999 na bado watu wanapanga foleni.

Mimi ni fundi cherehani, Mombasa. Mkate wangu ni nguo za harusi, lakini msimu wa tamasha la maigizo ya shule ukikaribia meza yangu hufunikwa na maleba: mikia ya chui, joho za masultani, magauni ya kugeuka mbele ya watu. Kwa hiyo pale ukumbini sikwenda kusikiliza hadithi. Hadithi naijua, na majina mengi yaliyomo ni ya kwetu. Nilikwenda kutazama mishono.

Na mishono yenyewe inaonekana, tena waziwazi. Julie Taymor, aliyeongoza igizo hili na kubuni maleba yake tangu lilipofunguliwa New York mwaka 1997, hakumficha binadamu ndani ya mnyama. Twiga anapoingia unaona mtu anayetembea kwa magongo manne, mawili mikononi na mawili miguuni, shingo ndefu ikiwa imekaa kichwani kama kofia. Duma amefungwa mbele ya mwili wa mchezaji, na kichwa cha duma kinageuka kwa sababu kimeunganishwa na kichwa cha mwenye kumcheza. Fisi ana vichwa viwili ukipenda kuhesabu: cha mnyama kinaning'inia mbele, cha mtu kiko juu kwenye nundu. Mwanzoni jicho linasumbuka kutenganisha kipi ni cha mtu na kipi ni cha mnyama. Baada ya muda linaacha lenyewe, na hapo ndipo unapogundua kwamba umeshikwa.

Binti wa kaka yangu alikuwa amekaa kando ya njia, upande ambao wanyama hupita katikati ya watazamaji wakielekea jukwaani. Tembo alipompita karibu kiasi cha kumgusa, aliniinamia.

"Shangazi, ndani mna watu wangapi?"

"Wanne. Kila mguu na mtu wake."

"Sasa mbona hawakanyagani?"

Swali hilo ndilo igizo hili zima. Jinsi kitu kilivyotengenezwa huelezeka kwa sentensi moja, na mtoto wa miaka tisa anaielewa. Kinachoshangaza ni watu wanne wasioonana kuinua mguu kwa pamoja, kila usiku, miaka nenda miaka rudi. Nimekuwa nikibishana na walimu wa maigizo kuhusu hili kwa muda mrefu. Wao hudhani mshangao ni siri, kwamba ukificha vizuri umemaliza kazi. Mimi nasema mshangao ni wakati. Kitu kitokee pale kilipotakiwa, si nusu sekunde kabla wala baada, na hata ukiacha kamba ikaonekana watu watapiga vigelegele.

Chukua jua la mwanzo. Ni vipande vya hariri vilivyoning'inizwa kwenye mbavu nyembamba, vimepangwa juu kwa juu, na taa inavipiga kwa nyuma. Vinapovutwa juu, vile vipande vinatikisika kidogo kwa hewa, na jua linaonekana kama lile la asubuhi ya kaskazi linalochemka juu ya maji. Hakuna mashine ya ajabu pale. Ni kitambaa chepesi, uzito mdogo, na mtu aliyejua kwamba hariri ikiachwa bila kukazwa itajitikisa yenyewe. Ningetumia chifoni nzito ingelala kama pazia la sebuleni.

Au bwawa linalokauka. Kitambaa cha buluu cha duara kimetandazwa sakafuni, ndiyo maji. Ukame unapokuja, kitambaa kinavutwa polepole kuingia kwenye tundu katikati, duara linapungua, linapungua, mpaka limekwisha. Au simba majike wanaomboleza: wanavuta utepe mweupe kutoka kwenye macho ya vinyago vyao, mrefu, na hayo ndiyo machozi. Mama mmoja nyuma yetu alikuwa akilia kwa sababu ya utepe. Utepe!

Mbio za nyumbu ndizo zilizonifanya nitamani kupiga kelele ukumbi wote usimame nitazame tena. Kule mbali kabisa kuna nyumbu wadogo, wamechorwa kwenye kitambaa kinachozunguka. Mbele yao kuna magurudumu marefu ya mlalo yaliyojaa nyumbu wa kuchonga, safu moja kubwa kuliko iliyo nyuma yake, na yanapozunguka unaona kundi linateremka kukujia. Mbele zaidi ni wachezaji wenyewe wenye vinyago vikubwa vya nyumbu. Mbele ya wote yuko Simba, mwana wa mfalme, bado mtoto, anayekimbia pale pale alipo. Jukwaa halina kina cha kutosha kwa mbio hata za mbuzi kumi, lakini ukubwa uliopangwa hatua kwa hatua unalidanganya jicho likaona bonde zima. Ngoma ndizo zinazomalizia kazi, na wapigaji wenyewe wamekaa kwenye vibanda vya pembeni, kushoto na kulia, unawaona wanavyotoka jasho.

Sasa nije kwenye kubadilisha nguo, maana ndiyo kazi yangu na ndiyo sehemu ambayo watazamaji wengi hawaioni. Wachezaji wa kundi ndio nyasi, ambazo hubebwa kichwani kama sinia la mstatili lililoota majani. Hao hao ndio fisi, ndio majike wa simba, ndio ndege wanaorushwa kama vishada juu ya vichwa vyetu sehemu ya pili inapoanza. Nilijaribu kumfuata msichana mmoja mrefu kwa macho. Nilimpoteza mara tu alipotoka upande wa kushoto, nikamkuta upande wa kulia akiwa mnyama mwingine kabisa.

Wifi yangu anaishi London na amewahi kufanya kazi ya kuvalisha waigizaji. Tulipotoka nilimkalisha kwenye mgahawa nikamhoji mpaka chai ikapoa. Haya ndiyo aliyonieleza kuhusu kazi hiyo kwa jumla. Muda ukiwa mfupi, mwigizaji harudi chumbani. Pembeni mwa jukwaa, nyuma ya mapazia meusi, kunatengenezwa kijibanda chenye taa ya buluu hafifu isiyoonekana na watazamaji. Nguo zinapangwa kwenye kiti kinyumenyume: itakayovaliwa kwanza ndiyo iko juu. Suruali inakunjwa kuzungukia viatu, ili mtu akanyage mara moja tu, miguu iingie kwenye viatu na suruali ivutwe juu. Wavalishaji wawili, mmoja amepiga magoti chini na mmoja amesimama nyuma, tochi ndogo mdomoni. Mwigizaji mwenyewe anatakiwa atulie tu, mikono wazi. "Akianza kusaidia, ameharibu," wifi alisema. Mikono sita kwenye zipu moja ni vurugu. Kila mmoja ana kazi yake na mpangilio wake, nao unafanyiwa mazoezi peke yake, kama vile dansi inavyofanyiwa.

Kwenye nguo zenyewe, kinachoonekana kuwa kifungo mara nyingi si kifungo. Vifungo vya mbele vimeshonewa juu kama pambo, chini yake kuna vifungo vya chuma vya kubana au sumaku, au mbele hapafunguki kabisa na zipu imefichwa mgongoni. Kamba za viatu ni lastiki iliyofungwa moja kwa moja. Velkro, ambayo mafundi wengi kwetu tunaikimbilia, wenzetu wanaitumia kwa tahadhari: inalia ikichanwa, inanasa nywele za wigi, na ikijaa nyuzi inaacha kushika. Tena kuna waya wa kipaza sauti, ambao umepita chini ya wigi ukatokeza kwenye paji la uso, na kile kisanduku chake kimefungwa mwilini. Shingo ya gauni isipokuwa pana ya kutosha, utang'oa sauti ya mwigizaji pamoja na nguo. Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja, kwa kuwa watoto wa shule zetu huimba bila vipaza sauti.

Kuna mabadiliko ya aina nyingine, yale yanayofanyika mbele ya macho ya watu, na hapa nina la kusema kwa mkono wangu mwenyewe. Wajapani kwenye kabuki, maigizo yao ya jadi, wana ufundi wanaouita hikinuki: vazi la juu limeshikizwa kwa nyuzi za muda, msaidizi anazichomoa mwigizaji akiendelea kucheza, vazi linaondoka na jingine liko chini yake. Njia ninayotumia mimi haiko mbali. Pande mbili za mshono naziwekea vitanzi vidogo vinavyopishana, kisha napitisha mshipi wa kuvulia samaki katikati yake, kutoka begani hadi kiunoni. Mwisho wa mshipi kuna ushanga wa kushika. Ukivuta kwa unyoofu, vitanzi vyote vinaachiana. Lakini nguo haidondoki kwa sababu imeachiwa, inadondoka kwa sababu ina uzito, kwa hiyo kwenye pindo nashonea chubwi ndogo za mvuvi, na ndani natia bitana ya satini ili isishikane na gauni la chini. Pamba juu ya pamba hung'ang'ania. Kuna igizo nililoliona kwenye ukumbi mmoja wa kwetu ambapo malkia alikwama na kanzu kiunoni mpaka watu wakaanza kuzungumza mambo yao, na kosa lilikuwa bitana tu.

The Lion King halina tukio kubwa la gauni kugeuka ghafla, na anayetafuta hilo aende kwingine. Wicked, igizo jingine la muziki lililoko ukumbi wa Apollo Victoria, London, tangu 2006, inakwenda njia tofauti. Mwisho wa sehemu ya kwanza yule mchawi wa kijani anapaa, na vazi lake jeusi linatanda chini yake mpaka linajaza jukwaa. Chini ya lile vazi kuna chombo cha kumnyanyua, naye amefungwa kiunoni kwa usalama. Moshi na miale ya taa inafunika yaliyobaki. Chombo kikigoma, igizo haliahirishwi: yeye anabaki chini na kundi zima linajilaza sakafuni kumzunguka, ili yeye aonekane amekuwa juu. Nimelipenda sana wazo hilo. Hata hivyo nikilinganisha, Wicked ilinishangaza mara moja kwa nguvu, The Lion King liliendelea kunishangaza mpaka mwisho, na karibu hakuna mahali liliponificha kitu.

Si kwamba halina kasoro. Baada ya mapumziko mambo yanalegea. Vichekesho vya Timon na Pumbaa, nguchiro na ngiri marafiki wa Simba, vinarefuka kuliko vinavyostahili, ingawa yule Timon ni kazi nzuri ya mikono, kikaragosi kilichounganishwa na miguu ya mtu aliyevaa kijani nyuma yake. Pia usitafute nchi moja kwenye yale maleba. Taymor aliishi Indonesia miaka ya 1970, na vikaragosi vya vivuli vya kule vimo, ufundi wa bunraku, maigizo ya vikaragosi ya Japani, umo, shanga zinazonikumbusha Wamaasai zimo, na michoro ya pembe nyingi za Afrika imechanganywa bila mipaka. Mimi halikunikera, kwa sababu kila kitambaa kimechaguliwa kwa jinsi kinavyotembea. Anayetaka mavazi sahihi ya kabila fulani atakereka.

Kitu kidogo ambacho ningeomba kila fundi akitazame: vinyago vya Mufasa, mfalme wa simba, na Scar, nduguye mwovu. Vimekaa juu ya vichwa vya waigizaji, uso wa mtu uko wazi chini yake. Simba akikasirika, mwigizaji anainama, na kinyago kinashuka mbele ya uso, mnyama anatokea. Akitulia, kinapanda tena. Kinaendeshwa na kitufe kilichofichwa mkononi, nacho ni chepesi sana, maana kimetengenezwa kwa kaboni. Nilimwangalia Scar mikono tu kwa wimbo mzima nikitafuta kile kitufe. Sikukiona. Kila kinyago kilipoteremka niliruka kidogo kitini, ingawa nilikuwa najua fika kwamba kinakuja.

Kuhusu viti: chini, kando ya njia, ndiko kwenye raha ya wanyama kupita. Ghorofa za juu ni nafuu na mbio za nyumbu zinaonekana vizuri kutoka huko, ila wanyama wanaoingia kupitia kwa watazamaji wa chini hutawaona wote. Igizo linachukua kama saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Fika mapema, ukae, uzime simu. Tembo anapita dakika za mwanzo kabisa, na harudi kwa ajili ya aliyechelewa.