Kiwanja cha viwanda au kubadili matumizi ya kiwanja cha makazi?

Anayetaka kufungua mashine ya kusaga au karakana ya kuchomelea Dar es Salaam hulijua swali hili: atafute nafasi Vingunguti au Chang'ombe, kwenye maeneo yaliyotengwa kwa viwanda, au aombe kubadili matumizi ya kiwanja chake cha makazi?

Kwa gharama ya kuanzia, cha nyumbani kinashinda: ardhi unayo tayari. Lakini soma hati yako. Imeandikwa matumizi, na ukikiuka masharti hayo miliki yaweza kufutwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali cha mamlaka ya upangaji kabla hujaendeleza, na halmashauri inaweza kukataa. Wengi hufunga mashine kwanza, kibali baadaye. Hilo silishauri hata kidogo.

Kwa upande wa uhakika, eneo la viwanda linashinda kwa mbali. Kelele zilitarajiwa tangu ramani ilipochorwa. Mtaani, vumbi la pumba likitua kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, malalamiko yanafika serikali ya mtaa, na jirani ana haki yake.

NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, haikwepeki kokote. Moshi na majitaka ni wajibu wako.

Cherehani chache na majirani walioridhia? Omba kubadili matumizi. Mashine nzito, zamu za usiku, malori? Nenda kwenye viwanda, hata kwa kupanga. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wana mitaa yao ya viwanda vidogo.