Uzoefu wangu: konveta ya mtumba kwa injini ya 1KZ-TE, hapa Mwanza

Hilux Surf yangu ilikuja na injini ya petroli ya 3VZ-E, na kwa mtu ambaye kila wiki hupakia magunia ya dagaa Kirumba Mwaloni na kuyafikisha Magu, mafuta yalikuwa yanakula faida yote. Niliamua kufunga injini ya dizeli ya 1KZ-TE, ambayo Toyota yenyewe iliifunga kwenye baadhi ya Surf za umbo lilelile. Injini na gia boksi yake ya otomatiki nilizipata kwa muuzaji wa spea wa Nyakato, lakini konveta iliyokuja nazo (chombo cha duara kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi ya otomatiki kwa kutumia oili) ilikuwa na ufa shingoni, mahali hasa inapokaa sili ya oili. Konveta mpya ya kuagiza nje ilikuwa nje ya uwezo wangu, hivyo nikaanza kutafuta ya mtumba.

Fundi wa kwanza alinishauri nitumie ile ya injini ya petroli, akidai kwamba meno yanalingana na kwamba konveta ni konveta tu. Sikukubali. Konveta hushika nafasi ya klachi: upande wa injini unasukuma oili, oili inazungusha upande wa gia boksi, na kabla gari halijaondoka injini hupanda hadi kiwango fulani cha mizunguko, kiwango ambacho kimepangwa kiwandani kulingana na nguvu ya injini husika. 3VZ-E hutoa mvuto wake mkubwa (nguvu ya kuzungusha) kwenye mizunguko 3,400 hivi kwa dakika, ilhali 1KZ-TE hufika hapo kwenye 2,000 tu. Ukiifungia dizeli konveta ya petroli, injini italia kwanza ndipo gari lisogee, na nguvu inayopotea hapo katikati hugeuka joto ndani ya oili. Kwa gari linalobeba mizigo, hilo ni kuipika gia boksi polepole.

Konveta ya kwanza ya dizeli niliyoletewa ilikuwa imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, jambo ambalo peke yake lingetosha kunitia shaka. Niliiinamisha juu ya karai usiku kucha. Asubuhi nilikuta oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, na nilipoisugua kiganjani juani, chembe za chuma zilimetameta kama magamba ya dagaa. Konveta imechomelewa pande zote, kwa hiyo huwezi kuifungua na kuiosha kwa petroli. Uchafu wa gia boksi iliyokufa hubaki humo na kuhamia kwenye nzima. Muuzaji alikubali kuipokea tena, lakini alikata sehemu ya fedha zangu kwa kile alichokiita usumbufu.

Ya pili niliilipia shilingi 320,000, na safari hii nilikagua kabla ya kutoa fedha. Oili yake ilikuwa nyekundu iliyofifia, bila harufu. Shingo ilikuwa laini, haina mfereji uliochimbwa na sili. Kisha niliingiza kidole ndani na kuzungusha meno ya stata, gurudumu la katikati linaloelekeza oili: upande mmoja ilizunguka bila shida, upande wa pili ikakataa kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Ingezunguka pande zote mbili, gari lisingekuwa na nguvu ya kuondokea.

Kazi ya kufunga niliisimamia mwenyewe katika gereji ya Igoma. Fundi aliimiminia karibu lita moja ya oili ya gia, akaisukuma huku akiizungusha hadi ikadondoka ndani hatua tatu: shafti, stata, na mwisho pampu. Watu wengi huishia hatua ya pili, wakavuta injini kwa bolti, na pampu ikavunjika siku hiyohiyo. Sisi tulipounganisha injini na gia boksi, konveta ilikuwa bado inacheza kwa mkono, na ilibaki nafasi ya milimita 4 kati yake na sahani ya injini ambayo konveta hufungwa kwayo, ndipo tukaivuta na kukaza bolti zake. Laini za kupozea oili tulizipuliza kwa upepo, na rejeta ndogo ya oili nilinunua mpya.

Jaribio la kuzuia gari kwa breki likiwa kwenye D huku mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, ili kuona injini inapanda hadi wapi, ambalo halipaswi kuzidi sekunde 5, lilionyesha mizunguko iliyozidi 2,000 kidogo. Kilima cha Isamilo gari lilikipanda na mzigo bila kulalamika. Kasoro niliyoiona ni mtetemo mdogo kwenye kasi ya 80, pale klachi iliyo ndani ya konveta inapofunga, nao ulipungua sana nilipobadilisha oili mara ya pili baada ya wiki tatu.

Naipa alama nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu muuzaji alinipa dhamana ya mdomo tu, ya siku saba zilizohesabiwa tangu konveta ilipotumwa, na siku mbili kati ya hizo konveta ilikuwa bado kwenye basi ikitoka Dar es Salaam.