Nililipa elfu nne kufundishwa kubuni lugha, hii hapa riviu yangu

Wacha nianze na pesa juu najua ndio kitu cha kwanza mtu wa Nairobi huuliza. Elfu nne, Jumamosi nne, saa tatu asubuhi hadi saa saba, chai na mandazi ndani. Mahali ni ghorofa ya tatu kwa jengo moja la kitambo hapo nyuma ya bustani ya Jeevanjee, lifti ilikufa zamani, ngazi zina giza, choo unaomba ufunguo kwa soja wa chini. Jina la wenye darasa sitaji juu nina malalamiko yangu na sitaki kumwagia mtu unga, lakini ukiuliza uliza hapo utaelekezwa.

Sasa mnaweza kujiuliza nani mwenye akili timamu analipa kufundishwa kubuni lugha isiyo na mtu wa kuiongea. Ni mimi. Kuna hadithi naandika kwa simu tangu wakati wa corona, ina watu wa mlimani wanafuga mbuzi, na nikawapa lugha yao, nikawa na maneno karibu mia nne kwa daftari. Nilikuwa najiona fundi kabisa. Nilienda pale kidogo kidogo nikiwa na nia ya kuonyesha wengine daftari langu, ukweli usemwe.

Jumamosi ya kwanza tulianza saa nne badala ya saa tatu juu projekta ilikataa kuongea na laptopu. Ilipowaka tukapewa historia, na hapo ilikuwa sawa tu, si mbaya. Tulisimuliwa kuhusu Zamenhof, yule daktari wa macho aliyetoa Kiesperanto mwaka wa 1887, kwamba alizaliwa Białystok mji uliokuwa na Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani, kila mtu na lugha yake na kila mtu anamshuku jirani, akaona dawa ni lugha moja isiyo ya mtu yeyote. Hapo darasa lilicheka kidogo, juu hakuna aliyekulia mtaa wa makabila mengi kama Kariobangi ama Kayole anahitaji kuelezewa hiyo plot mara mbili. Kabla yake kulikuwa na kasisi Mjerumani, Schleyer, na Volapük yake ya 1879, ambayo hilo jina lenyewe limetoka kwa maneno mawili ya Kiingereza, la dunia na la kuongea, lakini ameyakatakata hadi Mwingereza mwenyewe hawezi kuyatambua.

Halafu tukafika kwa Kiklingoni, ile lugha ya wale wapiganaji wa anga za juu kwa sinema, na hapo nikaamka. Aliyeitengeneza, Marc Okrand, ni msomi wa isimu aliyekuwa amesomea lugha ya Wahindi wekundu wa California, na alitaka lugha isiyofanana na ya binadamu wa kawaida, kwa hivyo akachagua mpangilio wa maneno ulio nadra kabisa duniani, anayetendwa kwanza, kisha kitendo, mtendaji mwisho. Mimi na kiherehere changu nikainua mkono nikamwambia mwalimu wetu, lakini madam, si hata sisi tunasema "ugali ameula Otieno" na hakuna polisi anakuja? Akacheka akaandika ubaoni, akapiga mstari chini ya ile -u- kwa ameula. "Kijana, umeona ilibidi uweke hii? Hiyo ndiyo inamwambia msikilizaji kwamba ugali ndio umeliwa. Itoe uone." Nikaitoa. Ugali amekula Otieno. Mzee mmoja wa Bungoma aliyekuwa nyuma akasema basi huyo ni ugali wa kuogopwa. Yaani hiyo -u- nimeitumia maisha yangu yote na sikuwahi kuigeukia niiangalie.

Jumamosi ya pili ndiyo niliumizwa, na pia ndiyo walinikasirisha zaidi. Siku hiyo ilikuwa ya sauti. Walitugawia fotokopi za alama za matamshi, na kwa sababu aliyeziprinti hakuwa na fonti, nusu ya alama zimetoka viboksi vitupu. Karatasi nne za viboksi! Kwa elfu nne! Tulikaa tukizijaza kwa kalamu kama watoto wa darasa la pili, saa nzima imeenda hapo, na nilipouliza kama tutatumiwa nakala safi nikaambiwa zitakuja kwa grupu ya WhatsApp, hadi leo hazijakuja.

Lakini madam mwenyewe, wacha nimpe haki yake, anajua kazi. Mimi kwa lugha yangu nilikuwa nimerusha vidoko kila mahali, zile sauti za kugonga ulimi, juu nilisikia kwenye Kixhosa nikaona zinatoka vizuri. Akaniuliza vidoko vyako vinakaa wapi, kwa jamii gani ya sauti, mbona viko kwa maneno manne tu na yote ni majina ya wafalme? Nikakosa jibu. Akasema si lazima niende Afrika Kusini kuvitafuta, hapa hapa Kenya Wadahalo wa huko Lamu na Tana River wanavyo, kwa hivyo nikitaka kuviiba niibe kwa jirani na niangalie kwanza vinaishi vipi ndani ya lugha. Na zile sauti za kupasua kooni, t na k zinazoruka kama kifuniko cha soda, alitwambia tuende tule injera kwa hoteli yoyote ya Wahabeshi na tunyamaze tusikilize wahudumu wakiongea Kiamhari. Nilienda. Nilisikia. Nilikula pia, hiyo ni riviu ingine.

Sasa kuumizwa kwenyewe. Kila mtu aliandika sentensi moja ya lugha yake ubaoni. Yangu ilikuwa "zoribeka", nikaeleza kwa majivuno kwamba maana yake ni anakula. Madam akaangalia sekunde tano hivi. "Zo ni a, ri ni na, beka ni kula?" Nikasema ndio. "Na alikula?" Zolebeka. "Na watakula?" Nikaanza kutamka nikajisikia mwenyewe, nikanyamaza katikati. Akasema kwa upole kabisa, "Kijana, hii si lugha mpya, hiki ni Kiswahili kimevaa barakoa." Maneno mia nne jamani. Tangu corona. Nilishuka zile ngazi za giza nikiwa na hasira, nikapanda mathree ya Thika Road nimekaa dirishani sisemi na mtu, na kufika Ngara nikakubali kwamba ako right.

Jumamosi ya tatu. Ungenilipisha elfu nne kwa hiyo siku moja tu ningelipa bila kubargain.

Siku hiyo hakuwasha hata projekta. Alimwambia kila mtu aje mbele aandike neno "mtu" kwa lugha ya kwao. Mimi nikaandika mtu. Mzee wa Bungoma, omundu. Dada mmoja nesi kutoka Kisii, omonto. Msichana wa Meru, muntũ. Vijana wawili, Mkikuyu na Mkamba, wakagongana hapo mbele juu wote wanataka kuandika mũndũ. Halafu akauliza, kati ya hizi, nani ndiye alipoteza kitu? Tukaangalia. Ni sisi wa Kiswahili! Wengine wote wako na ile n mbele ya t ama d, sisi tumeidondosha njiani, na tukaidondosha pia kwa kitu ambayo Mkikuyu bado anaita kĩndũ. Kumbe hatukuamka siku moja tukaamua, ni sauti imechakaa taratibu mdomo kwa mdomo, na ikichakaa inachakaa kwa kila neno lenye umbo hilo. Halafu yule kijana Mkikuyu akaulizwa mbona kitu ni kĩndũ lakini kiti ni gĩtĩ, hiyo g imetoka wapi kama kiambishi ni kimoja? Hakujua. Anaiongea kutoka utotoni na hakujua. Kumbe k ikiona silabi inayofuata imeanza na t ama k ama c inalegea inakuwa g, wasomi wanaita sheria ya Dahl, na ndiyo maana lugha yao wanaiita Gĩkũyũ na si Kĩkũyũ. Alishika kichwa.

Ndio zoezi likaja. Chukua maneno yako, weka wingi wa kawaida kabisa usio na maringo, halafu pitisha kila neno kwa mabadiliko matatu ya sauti, kwa mfuatano bila kuruka wala kuhurumia neno. Nilitupa daftari nikaanza upya na maneno matatu: lokat mlima, nemak mbuzi, sul jicho. Wingi ni kuongeza i mwisho, basi. Lokati, nemaki, suli. Sheria ya kwanza, t ikifuatwa na i iwe s. Ya pili, k ikibanwa katikati ya vokali mbili ipotee. Ya tatu, vokali ya mwisho wa neno idondoke.

Fuata na mimi. Lokat ikawa loat, na lokati ikapita lokasi, loasi, ikatua loas. Kwa hivyo mlima mmoja loat, milima loas, na ile i iliyoleta haya yote haiko tena, imekufa imeacha s kama alama ya kaburi. Nemak ikabaki nemak juu k iko mwisho haijabanwa, lakini nemaki ikawa nemai kisha nema. Mbuzi mmoja nemak, mbuzi wengi nema! Wengi ndio wafupi! Sikupanga, nilitazama tu ikitokea kwa karatasi na mwili ukasisimka. Na sul na suli zote zikawa sul, mmoja na wengi sawasawa, na nikataka kuongeza kitu nirekebishe, madam akanishika mkono akasema usiguse. Waulize watu wako wa mlimani wanafanyaje. Si sisi tunasema nyumba hii, nyumba hizi, na hakuna mtu amepotea?

Halafu akatuonyesha kwamba ulimi na ndimi ni mchezo ule ule, n imekutana na l zikawa nd, na jino na meno ni ma imekutana na ino zikayeyuka. Zile vitu shuleni tulichapiwa tukazikariri kama adhabu, kumbe kila moja iko na sababu yake, na hakuna mwalimu aliwahi kutuambia. Hapo nilikasirika kidogo lakini si na hawa.

Jumamosi ya nne afadhali ningebaki nimelala. Madam hakuwepo, alikuja kijana mwingine na programu ya kompyuta inayotema maneno, unaweka sauti zako unabonyeza, maneno elfu mbili yamekuja. Aliyafurahia sana yeye. Nesi akamuuliza, sasa neno la ishirini na tatu lina maana gani? Akasoma, akaangalia skrini, akasema maana utajazia mwenyewe. Mandazi pia yaliisha kabla ya safu ya nyuma, na tulikuwa watu kumi na nne tu, mtu anashindwaje kuhesabu kumi na nne. Mwishoni wakaleta cheti, mia tano juu ya zile elfu nne, na jina langu limekosewa herufi mbili, sikuchukua.

Nyota tatu na nusu kwa tano. Ingekuwa madam peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho ningeweka tano bila kufikiria. Ukienda uliza kwanza nani anafundisha lini, beba daftari lako na kalamu ya risasi, na kaa mbali na dirisha juu saa tano hivi mhubiri wa Jeevanjee anafungulia spika na hutasikia tofauti ya t na d. Usilipie cheti. Na kama huna lugha nyingine zaidi ya Kiswahili na Sheng usiogope, mimi ndiye nilikuwa hivyo, utaazima kwa majirani zako wa viti.

Mbuzi wangu kwa hadithi sasa wanaitwa nema. Macho bado yananisumbua, nimejaribu kuweka neno la nyingi mbele ya sul, halafu jana nikawaza mbona wasiseme tu sul sul, kama vile sisi husema mbili mbili, na nimeandika hivyo kwa ukurasa wa kumi na mbili nione kama itakaa.