Taa ya injini imegoma kuzima: skana gani ununue ukiwa Malindi

Kama una Probox, Vitz, Noah ama Fielder na hio taa ya njano ya injini imekaa kwa dashibodi haitoki, fundi akaizima ikarudi, akabadilisha plagi ikarudi, akakwambia lete sensa mpya nayo ikarudi, basi kabla hujatoa pesa nyingine nunua skana yako mwenyewe, yaani kile kifaa cha kusoma makosa kwa kompyuta ya gari. Ila si kila skana. Nyingi zinakupa namba ya kosa tu, na namba haikwambii ununue nini. P0420 inasema ketaliti, ile ya kusafisha moshi kwa ekzosi, haifanyi kazi inavyotakiwa, haisemi ketaliti imekufa, yaweza kuwa ekzosi inavuja kwa jointi ama injini inakunywa oili. P0171 ndio inakula watu pesa khaswa, inasema hewa imezidi mafuta, na hapo yaweza kuwa paipu ya hewa imepasuka, sensa ya hewa ni chafu au pampu ya mafuta imechoka, sasa ukinunua vyote kwa kubahatisha umekwisha.

Kwa hivyo swali la kwanza dukani ni hili: inaonyesha data za injini ikiwa inanguruma? Hapo ndipo jibu liko. Chukua hio P0171, angalia ile wanaita fueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza ama kupunguza. Gari ikiwa imesimama inanguruma tu na iko juu kama 20%, halafu ukikanyaga mpaka rpm 2500 ikashuka karibu na sifuri, tafuta paipu inayovuta hewa ya wizi. Ikizidi kupanda ukikanyaga, nenda kwa pampu, filta ya mafuta ama sensa ya hewa. Hio ni kazi ya dakika chache na hujanunua hata sensa moja.

Namba moja kwangu ni adapta ya Bluetooth iliyo nzuri, unaichomeka kwa soketi iliyo chini ya usukani, mfano Vgate ama OBDLink kama mfuko unaruhusu, ukaiunganisha na simu yenye app ya Torque ama Car Scanner. Inakuchorea grafu, inaweka rekodi, na inakuonyesha hali ya gari ilivyokuwa ile saa taa ilipowaka, kasi ngapi, joto ngapi. Wa iPhone angalieni sana, zile za Bluetooth ya kawaida hazishikani na simu yenu, ulizia ya Wi-Fi ama iliyoandikwa wazi kwamba inakubali iPhone.

Namba mbili ni ile ya mkononi yenye skrini na waya wake, Launch, Autel, Foxwell. Haitaki simu, haitaki app, unachomeka inasoma. Hii ndio ningewaambia madereva wa Malindi na Watamu wachangiane, moja inatosha stegi nzima. Lakini soma boksi, manake zile za bei ya chini kabisa za aina hii zinasoma na kufuta tu.

Namba tatu si kununua, ni kumlipa fundi mwenye ile tableti kubwa ya kupimia gari. Kuna kesi haziepukiki: taa ya ABS, ya airbag, gari za haibridi, na gari za Japani za zamani. Marekani walilazimisha OBD2, yaani lugha moja ya gari zote kuongea na skana, mwaka 1996, Ulaya wakafuata 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli, Japani wakachelewa mpaka kama 2008. Ndio unakuta Probox ya zamani ina soketi ile ile ya pini 16 chini ya usukani na skana ya kawaida inakataa kuongea nayo. Skana haijaharibika, gari ndio haijui lugha hio. Ukimlipa fundi mwambie akuonyeshe data, sio kukutajia namba akafuta.

Namba nne ni vile vidude vidogo vya buluu vya bei ya chini, kopi za ELM327, ile chipu ya kusoma gari. Vyafaa kusoma na kufuta kama huna zaidi, lakini vingi vilivyoandikwa v2.1 vimepunguzwa kazi na gari zingine vinakataa kabisa. Na ukiona v1.5 jua ni kopi, manake Elm Electronics wa Canada waliotengeneza chipu hio hawakuwahi kutoa v1.5.

Vya kutonunua ni chupa za kumimina kwa tangi mtu akikuahidi taa itazima, na kile chuma cha kuisogeza sensa ya oksijeni ili kompyuta idanganyike. Kutoa waya wa betri pia ni hivyo hivyo, kosa linafutika na chanzo kiko pale pale.

Tena sisi watu wa pwani tuna jambo letu, chumvi. Kabla hujanunua sensa ama koili yoyote, chomoa soketi yake uangalie kama pini zimeshika kutu ya kijani. P0135 inahusu hita ya sensa ya oksijeni, na mara nyingine ni fyuzi ama waya tu. Na kama unapiga njia ya vumbi ya Marafa, fungua filta ya hewa kwanza.

Taa ikiwa inawaka na kuzima haraka haraka, hapo usisubiri skana, punguza mwendo usimame mahali salama. Injini inakosa kuchoma na mafuta mabichi yanaenda kuichoma ketaliti.

Ukiagiza Mombasa ije kwa basi, patana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikikataa gari yako inarudi, mpe modeli na mwaka. Walioko Mokowe kule Lamu wanaihitaji zaidi, manake kuileta gari Malindi kwa sababu ya namba moja ni zaidi ya kilomita 200. Na ile adapta ya Bluetooth usiiache imechomekwa gari ikilala siku nyingi, inanyonya betri pole pole.